Mkate Urudi Mkavu

Chura wangu wee!

Pokea salamu nyingi kama mbu wa ziwa letu wakati wa joto, na zisikuume. Hujambo lakini? Miguu bado ipo, au kwata imeshaila? Mama Lorna anasema kasikia huko jeshini mnakula kwa kukimbizwa kama kuku wa shambani, ndiyo maana anakuandalia biskuti, ingawa nimemwambia hawatakuruhusu kuzipokea. Halafu kuna hili nililocheka peke yangu gereji nzima: eti jeshi la majini wanawapa mtihani wa kuogelea. Wewe! Kumpa chura mtihani wa kuogelea! Natumaini uliwaonyesha.

Sisi huku hatujambo. Barafu imeondoka ziwani, wenye nyumba za kiangazi wameanza kufungua madirisha, na Baba hajambo ila magoti. Pickle hajambo pia, amenenepa, na ni mbwa msaliti, utaona mbele. Mimi nipo, mwili mzima. Roho ndiyo mbovu. Ningekupigia simu nikubwabwajie yote kwa pumzi moja, lakini simu wamewanyang'anya, basi vumilia mwandiko wangu, najua unafanana na sanduku la nati lililomwagika.

Chura, mimi namwonea wivu Lyle. Nimeshasema. Haya.

Ulipoondoka ndiyo kwanza alikuwa amefika na mama yake, Mama Lorna, huna picha kamili. Uliona kijana mrefu, mpole, katoka Kansas kwenye ngano tupu, hajawahi kuona maji mengi kuliko ya birika la kunyweshea ng'ombe. Ukaniambia, mpokee vizuri, mama yake sasa ni mke wa Baba. Nikampokea. Watu wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi nimekonda.

Anajua kufungua kitu chochote kile. Kakulia kwenye matrekta. Kitu asichokijua anauliza, na anauliza vizuri, ndiyo mbaya zaidi! Ananiita bosi. "Bosi, hii inaitwaje?" "Bosi, hii ya kushoto inafungwa kwanza?" Halafu anashukuru. Kazi ikiisha anakunja matambara ya grisi yanakaa kama mashuka ya hoteli. Na Pickle, yule niliyemlea kwa chupa, sasa analala kwenye viatu vya Lyle. Baba kampa ile spana ya kupimia nguvu, ile yenye mpini mwekundu. Unakumbuka nilivyoililia? Nilikatazwa kuigusa mpaka nikaota ndevu, na hizo ndevu zenyewe alizikagua. Lyle kapewa wiki ya pili, tena Baba kamwita "mwanangu" mbele ya Wendell muuza chambo, na Wendell akanigeukia na meno yote nje, akaniuliza kama nimeshaanza kutafuta pa kuhamia.

Mwezi wa tatu, tukiwa tunacheza karata jikoni, Baba akaweka karata zake chini akasema magoti yamemaliza kazi. Gereji itakuwa na mwenye funguo mmoja, si wawili, maana gereji yenye mabwana wawili huishia kuuza spana. Akasema kila mmoja wetu akatafute pikipiki ya maji iliyokufa, ainunue, aifufue, aiuze kabla ya msimu kufunguka. Sikukuu ya Mashujaa ikifika, mwishoni mwa mwezi wa tano, ambaye kazi yake imefana ndiye atapewa funguo mbele ya watu. Na sheria yake ni ileile, unaijua: mashine haitoki uani mpaka mkate urudi mkavu.

Chura, wewe umeshakula mkate ule. Ulikuwa mdogo kuliko mimi nilivyo sasa. Nakumbuka Baba alivyoweka sandwichi yake ya nyama na haradali chini kabisa ndani ya tumbo la pikipiki, bila kuifunga na karatasi, akapanda akaenda mpaka ng'ambo akarudi, akachomoa mkate mkavu kama ulivyoingia, akaukata na kisu cha kazi akakupa nusu. Ukala ukitafuna kwa maringo, unanitazama. Mimi sijawahi. Kila mashine niliyogusa, Baba naye aliigusa, na mkate tulikula wote na haukuhesabiwa. Mimi nilikuwa nautaka huo mkate kuliko hizo funguo, hilo usimwambie mtu.

Sasa sikia nilivyonunua. Lyle alinitangulia kupata yake. Kaitoa ghalani kwa bibi mmoja, Chura, kinyago! Kiti kimeliwa na kindi, panya wamejenga kwenye njia ya hewa, rangi imepauka kama shati la kuanikwa mwaka mzima. Wendell alipoiona ikishushwa kwenye trela alimuuliza Lyle kama hiyo ni pikipiki au kaburi la panya. Tukacheka. Lyle naye akacheka. Lakini alikuwa amekwenda na kipimo cha kompresheni mfukoni, akaipima kabla ya kutoa hata senti, na injini ilikuwa na pumzi ya farasi.

Mimi kuona mwenzangu keshapata, damu ikachemka. Nikaingia kwenye mtandao nikaona moja inang'aa, nyekundu na nyeusi, imepakwa nta mpaka unajiona uso. Kizuri chajiuza. Nikaendesha mbio mpaka mjini Grand Rapids nikiogopa mtu ataniwahi, na kipimo nikakiacha mezani. Muuzaji akaniambia lile neno lao, kwamba ilikuwa inawaka ilipoegeshwa. Baba alitufundisha tangu tukiwa watoto: mtu akikuambia ilikuwa inawaka ilipoegeshwa, muulize basi kwa nini aliiegesha. Sikuuliza. Niliona nta tu.

Nikaifikisha, nikafungua, nikakuta bloku ya injini imepasuka ufa wa kuingiza ukucha. Yule bwana hakuwa ameitoa maji wala kuitia dawa ya kuzuia maji yasigande, barafu ikafanya kazi yake. Mimi! Mtoto wa huku, niliyezaliwa na theluji mlangoni, nimeuziwa injini iliyopasuka kwa barafu, na mtu wa ngano kanunua nzima. Baba alitazama ule ufa, akanitazama mimi, akasema tu, "Imepakwa nta vizuri." Bora angenitukana.

Basi nikafanya kazi kama kichaa. Nikapata injini nyingine ya kuukuu, nikaihamisha, nikajifunza mengine kwa kutazama video, mengine kwa kujikata vidole. Upande wa pili wa gereji Lyle anapiga mluzi anashona kiti. Anashona, Chura! Alipomaliza, kile kiti kilikuwa kizuri kuliko cha dukani, Mama Lorna akaja kukishika-shika na kusema mwanangu ana mikono. Kwani mimi nina makucha?

Siku ya majaribio nikaomba kwenda wa kwanza. Baba akaweka mkate ndani, akapanda kwa kuguna, akaenda. Nikaisikiliza ile injini mpaka ng'ambo, ilikuwa inaimba, nakwambia inaimba! Nikaanza kuionja haradali mdomoni. Aliporudi akaingiza mkono tumboni mwa pikipiki akatoa uji. Uji mtupu. Sili ya shafti, ile raba ya kuzuia maji, nilirudisha ya zamani kwa sababu ya haraka, ikavuja. Baba akautupa mkate kwa bata, bata wakapigana. Wendell akapaza sauti kutoka gatini kwamba bata wanatoa shukrani, wanauliza kesho utapika nini.

Lyle akafuata na kinyago chake. Mkate ukarudi mkavu. Baba akaukata, akampa nusu, na Lyle akaumaliza kwa kuung'ata mara mbili, haradali kwenye pua, hajui hata alichokula. Hajui! Angalau angetafuna polepole. Niliingia gereji nikajifanya natafuta kitu.

Sasa Chura, kaa chini. Kama umesimama mstari, omba ruhusa ukae.

Lyle akapata mnunuzi, mwalimu mmoja na mkewe, wakasema watakuja kuisikia ikiwaka kabla ya kuichukua. Kinyago kilikuwa juu ya trela uani. Lyle siku zote alikuwa anakiwasha kikiwa majini, hajawahi kukiwasha nchi kavu kwa mpira wa maji ya kupozea injini. Wageni wanapaki gari, yeye akanijia mbio na mpira mkononi, nimelala chini ya pikipiki yangu nabadilisha ile sili. Akainama. "Bosi, nafungulia maji kwanza au nawasha kwanza?"

Wewe hata ukiamshwa usingizini unalijua jibu. Huku kwetu mtoto analijua kabla ya sala ya chakula. Unawasha kwanza, ndipo maji. Ukizima, maji kwanza, ndipo injini. Injini ikizunguka inayasukuma maji yatoke kwa ekzosi. Ikiwa imelala, maji yanajaa ekzosi, yanarudi nyuma, yanapanda mpaka kwenye silinda, na ukibonyeza kuwasha, injini inajikaba kwa maji yasiyoshindilika.

Nikamwambia, "Maji kwanza."

Ndiyo. Mimi. Mdomo wangu huu. Sikuwa nimepanga, nakuapia, ila pia sikuwa nimekosea. Lilitoka tu kama lilikuwa limekaa mlangoni likisubiri mtu afungue. Na nilikuwa na muda wa kulirudisha! Lyle alifungulia maji, akaanza kuwaonyesha wageni kiti, mke wa mwalimu akauliza nani kashona, akaeleza, wakacheka, maji yanaingia tu. Nilikuwa nasikia yanavyobadilisha sauti mule ndani, kutoka mchirizi kuwa gugumo. Nikaendelea kukaza nati iliyokwisha kukazwa.

Akabonyeza. Tak! Kimya. Akabonyeza tena. Hakuna. Mwalimu akamtazama mkewe, mkewe akatazama gari.

Baba akatoka na fimbo yake, akaona mpira unamwaga, akaelewa yote kabla hajafika. Akapiga kelele nani kakufundisha kufungulia maji kwanza. Chura, niliuona uso wa Lyle kutoka pale chini. Aligeuka akanitazama. Muda si mrefu, kama wa kumeza mate. Halafu akamwambia Baba hakuna aliyemfundisha, ni mazoea ya trekta, kwao rejeta inajazwa kwanza ndipo unawasha, akasahau kwamba hapa si Kansas.

Wakafungua plagi, wakaizungusha injini, maji yakaruka juu kama nyangumi anapumua. Injini ilipona, lakini mnunuzi alikwisha kwenda na hakurudi. Na Wendell alikuwepo, basi jioni ile ziwa zima lilijua. Eti Nuhu alihitaji gharika, huyu kahitaji mpira wa bustani. Baba hakucheka. Alisema kuzamisha chombo ziwani ni ajali, ila kukizamisha nchi kavu ni aibu, na mtu wa aibu hiyo hawezi kushika funguo za gereji inayokaa kando ya maji.

Kesho yake nikamaliza sili. Baba akaweka mkate, akaenda, akarudi, mkavu. Akaukata. Akanipa nusu yangu, akanishika bega, akasema, "Nilikuwa nausubiri huu kuliko wewe." Kisha akasema Sikukuu ya Mashujaa atanikabidhi funguo, na Wendell atapika soseji. Pikipiki yangu imeshauzwa. Nimeshinda, Chura. Nipongeze.

Lyle anaondoka. Kasema atajiunga na watu wa mashine za kuvuna ngano kule kwao, anakwea basi mara baada ya sikukuu. Mama Lorna anamenya viazi analia, anasema ni vitunguu. Baba anamwambia Lyle abaki awe fundi wangu, Lyle anatabasamu anasema ngano haisubiri.

Jana nikashindwa. Nikamfuata gereji, alikuwa anakunja matambara, hata ya kwangu anakunja. Nikamuuliza kwa nini hukunitaja. Nilitaka anipige, ningefurahi. Akaniambia, bosi, wiki ile ya kwanza nimefika, mzee wako aliniweka pale mlangoni akaniambia jambo lolote la maji usiniulize mimi, muulize Piet. Akasema yeye mzee amejifunza kwa kuharibu, ila yule kijana anayasikia maji yanavyopita ndani ya injini kama mtu anavyosikia mvua juu ya paa. Ndiyo maana nakuuliza wewe kila kitu. Sasa pale uani ulitaka nimwambie nini mzee? Kwamba Piet ndiye kanielekeza? Asingekuwa amepoteza mnunuzi tu, angekupoteza na wewe.

Hakuniuliza kama nilikosea au nilikusudia. Nikangoja aulize, nikajipanga hata uongo wa kumjibu. Alisema tu kwamba aliuona uso wangu siku ile bata walipokuwa wanagombania mkate. Akaendelea kukunja.

Yaani Baba alisema hivyo juu yangu! Maneno niliyoyatafuta maisha yangu yote alikuwa amepewa yeye ayatunze, na mimi nikayatumia kumzamisha. Nilidhani nikijua hivyo wivu utaondoka. Wapi! Umezidi. Kwanza nilimwonea wivu kwa spana, kwa mbwa, kwa mkate. Sasa namwonea wivu kwa ule uongo wake. Mimi nisingeuweza. Mtu wa birika la ng'ombe kanizidi hata kwa hilo.

Nikisema ukweli, Baba atanitazama vile alivyoutazama ule ufa wa bloku, na safari hii hakuna nta ya kusifia. Funguo zitakwenda, na lile neno lake juu yangu litakufa mbele ya Wendell na soseji zake. Nikinyamaza, Lyle anakwea basi na aibu yangu ndani ya begi lake, na mimi nafungua gereji kila asubuhi. Barua hii itakuwahi, sikukuu haijafika. Nijibu upesi, hata kwa mistari miwili, hata ukiniita mshenzi, maana wewe tu ndiye unayemjua Baba kama mimi.

Wasalimie wenzako wote wa kwata, hasa yule uliyesema anakoroma kama injini ya mtumbwi. Mama Lorna anakusalimu, Baba anakusalimu na kukuuliza kama meli zenu zina kizibo chini na nani anakikagua. Pickle hakusalimu, kalala kwenye viatu vya watu. Na Lyle, ukitaka kujua, naye kasema nikuandikie salamu.

Mimi mdogo wako, asiyefaa kwa sasa,
Piet

Tena kidogo: ile nusu ya mkate sijaila. Nilimwambia Baba nimeila. Ipo kwenye friji ya gereji nyuma ya makopo ya grisi, imefungwa kwenye tambara alilolikunja Lyle, imeanza kukauka kingo. Kila nikifungua pale kuchukua kitu naiona. Ungekuwa wewe, Chura, ungeila?